Jumatano, Dakika Kumi na Nane

Nimefika saa moja na robo, grisi bado kwenye kucha,
basi la Palmela limenikatalia gia mchana kutwa.
Mlangoni Noémia kashika daftari la hesabu,
Telmo kashika tumbo.
"Baba, leo tunakula nini?"
Swali hilo, Graça, lina miguu:
linanifuata tangu gereji, linanitangulia ngazini
mpaka ghorofa ya nne, lifti mbovu tangu Pasaka.

Wewe zamu ya usiku inakuita saa mbili.
Umelala na soksi, simu kifuani.
Nikajiambia, hapa hapana karamu, hapa pana mbio.
Mayai manne majini, moto juu,
kitunguu ubaoni, kisu kile cha mpini wenye utepe,
na machozi yakaja yenyewe, bila msiba.

Maji yametokota tu, moto ukakohoa.
Buluu ikawa njano, njano ikawa hakuna.
Mtungi umekata roho.
Na Abílio wa mitungi akishafunga duka kafunga,
hata ubishe kwa nyundo.

Mama yangu angeketi alie.
Kwake chakula kisichokaa jikoni tangu asubuhi
si chakula, ni dharau.
Dengu zake tulizikuta tukitoka shule
bado zinabishana na maji.
Nampenda mama. Ila yeye alikuwa na mchana;
mimi nina jioni, tena kipande.

Nikafunika sufuria, nikaiacha.
Kifuniko kikafanya kazi ya moto.

Nikafungua dengu za chupa, nikazisuuza mpaka povu likaisha.
Kopo la jodari.
Noémia akachuma kotimiri dirishani,
kwenye chungu kile ulichotaka kukitupa Februari.
Telmo nikampa limau akamue:
mbegu tano zimeingia, nimeziona tatu.
Majani ya sukuma nikayaviringisha kama sigara,
nikayakata nyuzi nyuzi, mabichi,
nikayafinya kwa chumvi mpaka yakalegea.
Ni mboga ya kusukuma wiki, na wiki yetu nzito,
Jumatano ndipo inapokwama matope.
Siki. Mafuta ya zeituni ya binamu yako wa Beja,
yale ya kijani, yanayokwaruza koo kidogo.

Kisha mayai. La kwanza nililivunja kwa woga.
Ute umeshika, kiini kimekaa katikati ya ndiyo na siyo,
kikamwagikia dengu
kama mchuzi ambao sikuupika.
"Umefanyaje?" akauliza Telmo.
Nikasema sijui, na ndiyo kweli.

Ukaamka, nywele zimelala upande mmoja.
Ulikula umesimama, koti bega moja,
ukapangusa sahani kwa mkate.
Hukusema kitamu.
Ulisema, "Kuna kingine cha kubeba?"
Nikakupakulia kwenye kopo la aiskrimu,
nikalifunga mara mbili, maana nalijua lile,
lilishakuchafulia mkoba.

Sasa ni saa tatu na nusu. Nimeosha vyombo kwa maji baridi,
mafuta yameniganda vidoleni juu ya grisi ya basi.
Hesabu za sehemu zimekwisha: Noémia amegundua
kwamba yai moja kwa watu wanne
ni robo, na kwamba si haki.
Mama kapiga simu kama kawaida yake.
"Mmepika nini?"
Dengu, nikamwambia.
"Za muda gani?"
Dakika kumi na nane.
Kimya. Nikasikia saa yake ya ukutani, kule Alcácer, ikihesabu.
"Za chupa?"
Za chupa, mama.
Akavuta pumzi ndefu, nikajiandaa.
Halafu akauliza, polepole,
kama mtu anayeulizia njia ya mji asiotaka aonekane anauendea,
ni chupa ya duka gani.